Ndimi za Nuu kwenye Sahani ya Makindu

Makindu pana mahali pa kula ambapo hakuna mtu anayeletewa bili, na huenda ndiyo maana kila anayetoka humo ana neno la kusema. Ni hekalu la Masingasinga, au Makalasinga kama wanavyoitwa na Wakenya wengi, lililojengwa mwaka 1926 kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, katika Kaunti ya Makueni. Msafiri wa dini yoyote akivua viatu na kufunika kichwa, hupewa chapati, wali, mchuzi wa dengu, mboga na chai ya maziwa. Nyama haiingii getini. Pombe na sigara vilevile.

Nilifika huko nimefuatana na wakulima wa ndengu (choroko) kutoka Nuu, wadi iliyo mashariki mwa mji wa Mwingi, Kaunti ya Kitui. Walikuwa wamekodi matatu ili wakaone kiwanda cha nafaka cha Kaunti ya Makueni kilichoko Makindu, ambako ndengu na mbaazi husafishwa na kutiwa kwenye pakiti. Hekalu halikuwa kwenye ratiba. Dereva ndiye aliyelitaja, tukiwa bado hatujatoka Mwingi, na hapo hapo watu wakagawanyika: waliowahi kula pale na waliosikia tu. Waliosikia tu ndio waliokuwa na maneno mengi zaidi.

Kabla ya kuwasikiliza, ni vizuri kujua wametoka wapi. Nuu ni soko dogo lililo karibu na mlima wenye jina hilohilo. Ardhi ni kavu, mvua ni za kubahatisha, na zile za kuanzia Oktoba hadi Desemba ndizo zinazotegemewa zaidi. Ndengu hupendwa kwa sababu hukomaa upesi, kwa miezi miwili na ushee, ukame ukija ukute shamba limeshavunwa. Wakati wa utawala wa Gavana Charity Ngilu, kaunti iliwagawia wakulima mbegu katika kampeni iliyopewa jina la Mapinduzi ya Ndengu. Wakulima wenyewe hawahitaji gavana awaambie ndengu ni nini. Wanazijua kwa kuzitazama tu: zile zinazong'aa wanaziita nailoni, na mnunuzi akija na mizani huzipigania hizo kwanza.

Kwenye hoteli za soko, asubuhi, ndengu hukutana na chapati. Chapati ya Ukambani, kama ya sehemu nyingi za Kenya, hukandwa kwa unga mweupe na maji ya vuguvugu, husukumwa, hupakwa mafuta, hukunjwa na kuzungushwa kama konokono, husukumwa tena, kisha hukaangwa kwa mafuta mengine. Ikiiva vizuri hujitenga tabaka tabaka unapoichana. Ndengu huchemshwa hadi zipasuke, zikaungwa kwa kitunguu na nyanya, zikaachwa zishike uzito. Mchuzi ukitiririka kwenye sahani, mteja hulalamika. Hicho ndicho kipimo walichokibeba wenzangu hadi Makindu.

Kutoka Nuu tulivuka mto Enziu, ambao tarehe 4 Desemba 2021 ulisomba basi lililokuwa limejaa wanakwaya waliokuwa njiani kwenda harusini, wakafa watu zaidi ya 30. Ndani ya matatu sauti zilishuka tulipopita hapo, na mama mmoja akafanya ishara ya msalaba. Kisha Mwingi, Migwani, Kabati, Kitui. Kuanzia Kitui kushuka kusini barabara ni ya lami hadi Kibwezi, na hiyo ndiyo iliyoifanya safari ya namna hii iwezekane kwa siku moja. Zamani mtu wa Mwingi aliyetaka kufika Makindu alizoea kuzunguka kupitia Nairobi. Leo hupita Mutomo na Ikutha, huona mibuyu ikizidi kuwa minene kadiri joto linavyozidi, huvuka mto Athi, na akitokeza Kibwezi hukuta mkonge na, kwa mbali, vilima vya Chyulu. Pale hukata kulia kuelekea Nairobi. Makindu haiko mbali.

Mji wenyewe umekaa kwa ajili ya wapita njia. Malori yamejipanga pembeni, wauza maembe na asali wanakimbilia madirisha ya mabasi, na kelele za barabara hazipoi. Ukiingia ndani ya ua wa hekalu, kuna kivuli, miti iliyotunzwa na tausi wanaotembea bila haraka. Mmoja wa vijana wetu alitumia muda mrefu kumpiga picha tausi kuliko alioutumia kiwandani.

Chakula hiki kilifika hapa pamoja na reli. Ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani, mahali tunapopaita Kisumu, mwaka 1901. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, wengi wao wakitoka Punjab. Karibu 2,500 walikufa kazini, wengi walirudi kwao mikataba ilipoisha, na kama 6,700 hivi wakabaki. Posho yao ilikuwa mchele, unga, dengu na samli. Makindu ilikuwa kituo cha kuhudumia injini za mvuke, na inasimuliwa kwamba mafundi Masingasinga walikuwa wakikusanyika chini ya mti kusali kabla ya jengo kusimama. Katika miaka ile ya mwanzo treni hazikuwa na behewa la chakula, kwa hiyo abiria walishuka kula kwenye nyumba za wageni kando ya reli, Voi na Makindu zikiwemo. Yaani watu wamekuwa wakishuka Makindu kula, na kukinung'unikia chakula, kwa zaidi ya karne moja.

Desturi ya kulisha watu bure ni ya kale kuliko reli. Guru Nanak, mwanzilishi wa dini ya Masingasinga, aliyezaliwa mwaka 1469, alitaka tajiri na maskini wakae mstari mmoja na kula chakula kimoja. Jiko hilo la hekalu huitwa langar. Kutokuwa na nyama kuna maana hapo: kukiwa na mboga tupu, hakuna mgeni wa dini yoyote atakayelazimika kukisukuma kando chakula cha mwenyeji.

Mzee wetu mmoja hakuridhishwa na hoja hiyo. Alikaa na kilemba cha kitambaa alichopewa mlangoni, akaitazama sahani yake ya chuma yenye vyumba vyumba: wali huku, dengu za manjano kule, viazi na koliflawa pembeni, achari ya embe kidogo. Akauliza chakula kiko wapi. Alichokiona, alisema, ni mboga nne zinazosubiri nyama. Kwake mgeni akija, mbuzi huanguka, na mgeni asiyechinjiwa ana haki ya kujiuliza kama amekaribishwa kweli. Hata hivyo alikula, akaongeza wali, na hakuacha kitu. Kijana aliyekaa naye alimwambia, "Mzee, hiyo sahani imejaa malalamiko lakini haina punje." Mzee akajibu kwamba kushiba na kusifu ni mambo mawili.

Malumbano makali zaidi yalikuwa juu ya chapati.

Zile za Makindu ni nyembamba, laini, za unga wenye pumba ndani yake, na huokwa kwenye bamba la moto bila kukaangwa. Hazina tabaka. Susu mmoja, yaani bibi kwa Kikamba, aliyepika chapati za harusi nyingi huko Nuu, aliinua moja, akaipitisha kwenye mwanga, akaona upande wa pili. Alisema hiyo ni chapati ya mgonjwa. Binti yake, ambaye daktari amemwambia apunguze mafuta, alizila tatu na kusema hizi hazimletei kiungulia. Dereva akaingilia: chapati ya Nuu ukila mbili unalala, na yeye ana usukani. Susu hakushindwa. Alitaka kujua kama zikipoa zitalika, kwa kuwa chapati ya kweli huliwa hata kesho yake asubuhi na chai. Hakuna aliyeweza kumjibu, maana zilikuwa zikiisha zingali moto.

Kuhusu dengu zenyewe, wakulima walizungumza kama wenye mali. Walizivuruga kwa kijiko, wakazitafuta punje, wakagundua kuwa zimekobolewa na kupasuliwa, maganda yakatolewa. Mmoja alisema huko ni kuitupa nusu ya chakula, kwa sababu ganda ndilo linaloupa mchuzi rangi na uzito. Mwingine alisema hapana, ganda ndilo linalojaza tumbo gesi. Wote wawili walikubaliana kwamba mchuzi ni mwepesi. Kuhusu pilipili hawakuelewana hata kidogo. Mama mmoja alikunywa vikombe viwili vya chai kuuzima ulimi, na jirani yake akauliza kama wamesahau kuitia.

Meza ya pili alikaa dereva wa lori kutoka Mombasa, Mwislamu, ambaye husimama hapo mara kwa mara. Yeye alisema hilo la nyama ndilo linalomleta. Kwenye hoteli za barabarani hujiuliza ni nani aliyechinja na kwa jina la nani, lakini hapa swali hilo halipo kabisa. Alikuwa na dai moja tu: nazi. Kwao Pwani, mbaazi hupikwa kwa tui zito na kuliwa na mahamri asubuhi, na kwa mtu aliyekulia hapo, dengu zisizo na tui zina ukiwa fulani. Watu wa Nuu walimsikiliza kwa mashaka. Nazi Nuu haioti, na kutia kitu kitamu kwenye mboga kulionekana kwao ni jambo la watoto.

Kwa kawaida mtu akisema chakula cha Kihindi hudhani Wahindi wote wanakijua kwa namna moja. Meza iliyofuata ilivunja dhana hiyo. Familia moja ya Nairobi, iliyokuwa ikielekea Mombasa, ilikuwa na baba wa asili ya Punjab na mama wa asili ya Gujarat, na wao pia walikuwa wakibishana. Baba alikuwa na raha: dengu zilizoungwa kwa vitunguu vya kukaanga na kitunguu saumu kingi, kama kwa nyanya yake. Mama aliona zimekosa utamu. Kwa Wagujarati, ambao ndio wengi miongoni mwa Wahindi wa Kenya, dengu hutiwa sukari guru kidogo na kitu cha uchachu, ukwaju au ndimu, ili ladha tatu zikutane. Alinieleza pia kwamba rafiki zake Wajaini wasingeweza kuila kabisa, kwa kuwa wao hawali vitunguu wala chochote kinachong'olewa na mzizi wake. Watoto wao walitaka chipsi.

Kijana wetu wa tausi, aliyewahi kufanya kazi Parklands, Nairobi, alijiona mtaalamu. Alisema aliyewahi kula Diamond Plaza, lile jengo lenye vibanda vingi vya vyakula vya Kihindi, hawezi kukisifu chakula cha Makindu: hakuna paneer ya kuchoma, hakuna kuku wa tandoori, hakuna naan iliyopakwa siagi. Binti wa susu alimwuliza Diamond Plaza alilipa ngapi. Akataja bei. Mazungumzo hayo yakaishia hapo.

Suala la malipo ndilo lililowasumbua wengi kwa chinichini. Mtu akilipa ana uhuru wa kugomba: chumvi imezidi, wali umeungua, rudisha. Asipolipa, ulimi wake umefungwa nusu. Wengine walisema kulalamikia chakula cha bure ni utovu wa adabu. Mzee wa mbuzi alisema kinyume: mwenyeji asiyeambiwa ukweli ataendelea kukosea. Mama mmoja, mshirika mkubwa wa kanisa, alikuwa na wasiwasi wa aina nyingine. Aliogopa kwamba kula kwenye nyumba ya ibada ya watu wengine ni kama kuingia katika ibada yao, na alikaa mlangoni kwa muda mrefu kabla ya kukifunika kichwa kwa leso yake mwenyewe badala ya kitambaa cha hekalu. Alipoona hakuna anayemhubiria wala kumwuliza anasali wapi, alikula. Baadaye alisema chai yao ina maziwa ya kweli, na kwa mtu wa Nuu hiyo si sifa ndogo.

Kuna sanduku la sadaka, na hakuna anayesimama karibu nalo kuhesabu. Wenzangu walijadiliana kiasi. Dereva alipendekeza kila mtu atie bei ya sahani ya ndengu za hoteli za barabarani. Mwingine akasema hiyo itakuwa ni kulipa, nao wenyeji hawakutaka kulipwa. Mwishowe kila mmoja alitia alichotia, mkono ukiwa umekunjwa.

Wakati huo mimi nilikuwa nikiwaza juu ya jambo ambalo wakulima walilitaja kiwandani, walipoona mbaazi na ndengu zikimiminika kwenye mashine ya kupepeta. Mimea yote miwili asili yake ni Bara Hindi. Mbaazi, ambazo Wakamba huziita nzuu na huzichanganya na mahindi yaliyokobolewa kupika muthokoi, zilikuwa zimeota mizizi Afrika Mashariki zama nyingi kabla ya reli. Katikati ya karne ya 19 misafara ya Wakamba ilibeba pembe za ndovu kutoka Kitui hadi Pwani na kurudi na nguo na shanga zilizopitia mikononi mwa wafanyabiashara wa Kihindi. Leo safari ni ya kinyume. India ndiyo mnunuzi mkubwa wa mbaazi duniani, na Agosti 2017 ilipoweka kikomo cha mbaazi za kuingizwa kutoka nje, wakulima wa Tanzania na Msumbiji waliona bei ikiporomoka ghafla. Mwaka huohuo, mwezi Julai, serikali ya Kenya iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44 la nchi. Hivyo aliyekuwa akiilalamikia dengu ya Kihindi Makindu huenda alikuwa akizungumzia zao la shambani kwake, lililopikwa na mwananchi mwenzake.

Susu ndiye aliyeomba kuona jiko. Mpishi aliyempokea hakuwa Mhindi. Alikuwa Mkamba wa hapo hapo Makueni, na walipogundua hivyo waliachana na Kiswahili mara moja. Kwenye sufuria ambayo mtoto angeweza kuogea, dengu zilikuwa zimeshachemka na manjano na chumvi, zikitoa povu jepesi. Pembeni, kwenye kikaango kidogo, samli ilikuwa inapata moto. Mpishi alirusha humo bizari nyembamba nzima, zikapasuka na kubadilika rangi kwa muda wa kupumua mara mbili tatu. Akatia vitunguu, akavikoroga hadi vikawa vya kahawia, kisha kitunguu saumu, tangawizi na pilipili mbichi. Halafu akamimina kikaango chote kwa mkupuo mmoja juu ya dengu. Sufuria ikanguruma, mvuke ukapanda, susu akarudi nyuma hatua moja huku akicheka.

Hapo ndipo alipoelewa, akatueleza tukirudi garini. Nuu wao huanza na kitunguu na kumalizia na ndengu. Hawa humaliza na kitunguu. Harufu yote huingia mwishoni, ndiyo maana chakula kinanukia kabla hakijafika mezani ilhali mchuzi wenyewe ni mwepesi. Alisema atajaribu kwa ndengu zake, lakini pamoja na maganda, kwa mafuta ya kawaida, na mchuzi uwe mzito. Bizari nyembamba zipo Mwingi, dereva alimhakikishia, na atasimamisha gari dukani wakirudi. Mzee wa mbuzi aliuliza kama juu yake patawekwa nyama. Susu alimwambia kwamba nyama ataileta yeye. Mabishano ya nani atamleta mbuzi, na wa ukubwa gani, yalikuwa bado yanaendelea tulipovuka Athi kurudi Kitui, na bei ya ndengu ya msimu ujao, iliyowaleta Makindu, ilikuwa haijaguswa tena.